Picha Haina Cheo: Mashindano ya Wapiga Picha wa Ridhaa

Yakitajwa mashindano mbele ya askari, mawazo hukimbilia uwanja wa mpira, ulingo wa ndondi au uwanja wa shabaha. Ni wachache watakaofikiri juu ya ukumbi mdogo wenye viti thelathini na taa moja kali, ambamo watu wamekaa kimya wakiitazama picha ya karatasi iliyosimamishwa juu ya kinara. Hata hivyo vyama vya watu hao vina umri mkubwa kuliko Chama cha Mpira cha Uingereza, kilichoundwa mwaka 1863. Katika mji wa Leeds, kaskazini ya nchi hiyo, chama cha wapiga picha kiliundwa mwaka 1852, nacho hujihesabu kuwa kikongwe kuliko vyote duniani. Mwaka uliofuata kikazaliwa London kile ambacho leo ni Chama cha Kifalme cha Upigaji Picha. Tangu mwaka 1950 vyama vya nchi nyingi vimekuwa na shirikisho lao la kimataifa, FIAP.

Wanachama wa vyama hivi ni wapiga picha wa ridhaa, kwa maana ile ile tunayoitumia katika ndondi: hawaishi kwa kazi hiyo. Mchana ni walimu, madereva, wauguzi, mafundi wa magari na wanajeshi waliostaafu. Jioni huchukua kamera.

Huko Uingereza msimu wao huanza Septemba, siku zinapoanza kuwa fupi, ukaendelea hadi Aprili au Mei. Kwa kawaida hukutana jioni moja kila juma, mara nyingi katika ukumbi wa kukodi. Si kila jioni ni ya kushindana. Mara huja mgeni kuonyesha picha za safari zake. Mara wanachama hufundishana namna ya kuumulika uso wa mtu kwa taa moja tu. Mara hutoka pamoja kwenda sokoni au pwani, kila mtu akarudi na picha zake, nao hustaajabu jinsi watu kumi waliosimama mahali pamoja walivyoona mambo kumi mbalimbali. Zamani kazi kubwa ilikuwa ya chumba cha giza, ambamo picha zilisafishwa chini ya taa nyekundu na vidole vikabaki na harufu ya dawa hadi asubuhi. Wapo wanaoifanya hata leo, kwa mapenzi tu.

Lakini jioni inayojaza viti ni ile ya mashindano. Kila mshindani huleta idadi ya picha iliyoruhusiwa, tuseme mbili au tatu. Za karatasi hubandikwa juu ya kadi ngumu, ambayo katika vyama vingi vya Uingereza haizidi sentimita 50 kwa 40. Nyingine huonyeshwa ukutani kwa projekta. Pengine somo hutolewa mapema: mikono, milango, mvua. Wanaojifunza hushindana katika daraja lao, na waliobobea katika lao, na mwisho wa msimu wako wanaopanda daraja kama timu za ligi.

Mwamuzi huitwa kutoka nje ya chama. Naye hasomewi jina la mwenye picha. Husomewa jina la picha peke yake, basi. Hapo ndipo penye kiini cha mchezo huu, na ndipo ninapofikiri kwamba msomaji aliyezoea saluti ataona jambo la kumpendeza. Daktari bingwa aweza kukaa kiti cha nyuma akaisikia picha yake ikipewa alama 13, kisha ya kijana anayejifunza useremala ikapewa 19. Kanali mstaafu hawezi kusimama akamweleza mwamuzi kwamba siku ile palikuwa na upepo mkali, wala kwamba aliamka saa kumi ya alfajiri na kutembea maili tatu matopeni. Jasho lake halionekani katika picha, na kisichoonekana hakina alama. Picha husimama peke yake na kujitetea peke yake.

Mwamuzi huwa na muda mfupi kwa kila picha. Husogea karibu, hurudi nyuma, kisha husema. Atasema kwamba jicho lake linavutwa na mfuko mweupe ulioachwa pembeni, kumbe mpiga picha hakuuona kabisa kwa sababu alikuwa akimtazama mtoto anayecheka. Atasema kwamba mlingoti umeota juu ya kichwa cha bibi harusi. Atasema kwamba uso uko gizani na ukuta uko kwenye mwanga. Katika vyama vingi alama ni juu ya 20. Zile picha zilizomgusa haziandikii alama papo hapo. Huziweka kando, akazirudia mwishoni zikiwa zimepangwa mstari, na kuziondoa moja moja hadi ibaki ya kwanza. Dakika hizo kumi ukumbi hauna hata anayekohoa.

Waamuzi si malaika. Yupo asiyependa picha za ndege, na yupo ambaye mbwa mwenye macho ya huzuni humlainisha moyo daima. Wanachama hunung'unika njiani wakirudi nyumbani. Hata hivyo juma lijalo hurudi, kwa kuwa yule mfuko mweupe wa pembeni hawatauacha tena maisha yao yote. Mtu aliyeambiwa kosa lake hadharani, bila matusi na bila kubembelezwa, hujifunza upesi kuliko aliyesifiwa na ndugu zake sebuleni.

Kuna jambo jingine ambalo mwamuzi hawezi kulipima kwa jicho tu, nalo ndilo linaloshikilia mchezo mzima: je, kilichomo katika picha kilikuwako kweli?

Vyama vimelijibu swali hili kwa kugawa mafungu. Katika fungu la picha huru, fundi aruhusiwa kuunganisha mbingu ya Jumatatu na bahari ya Ijumaa, maana kila mtu ajua kwamba hayo ni mapambo. Katika fungu la viumbe na mazingira, sivyo. Mwaka 2014 shirikisho la FIAP, Chama cha Kifalme cha Uingereza na Chama cha Upigaji Picha cha Marekani vilikubaliana juu ya maelezo mamoja ya picha za namna hiyo. Hairuhusiwi kuongeza kitu, kuhamisha, kubadilisha wala kuondoa. Yaruhusiwa kukata kingo za picha tu, pamoja na marekebisho yasiyogeuza habari iliyomo. Askari wa upelelezi ataitambua kanuni hii mara moja. Mahali pa tukio hapaguswi.

Kanuni hiyo haikuzuka bure. Mwaka 2018 Jumba la Makumbusho ya Viumbe mjini London, linaloendesha mashindano makubwa ya picha za wanyama, lilimvua ushindi mpiga picha mmoja wa Brazil. Picha yake, iliyoshinda katika fungu lake mwaka uliotangulia, ilionyesha mnyama mlamchwa wa Amerika ya Kusini akikikaribia kichuguu kinachometameta usiku, chini ya nyota. Ilikuwa picha ya kustaajabisha. Kisha likapelekwa shauri kwamba mnyama yule anafanana mno na mwingine aliyekaushwa na kujazwa, aliyewekwa kwenye lango la mbuga ile ile. Wataalamu watano, kila mmoja akifanya kazi yake mbali na mwenzake, walilinganisha madoa, umbo, namna ya kusimama, hata vishungi vya manyoya, wakaamua kwamba ni mnyama mmoja. Mwenye picha alikana. Hata hivyo ushindi ulifutwa. Soma tena kazi ya wale wataalamu: ni kazi ya polisi tupu, alama kwa alama, unywele kwa unywele.

Wala shaka hii si ya leo. Roger Fenton alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha London cha mwaka 1853, na katibu wake wa kwanza. Mwaka 1855 alikwenda katika vita vya Crimea na gari la kukokotwa na farasi, lililokuwa la mwuza mvinyo kabla ya kugeuzwa chumba cha giza, akiwa na kamera tano na vioo mia saba vya kupigia picha. Filamu ilikuwa haijabuniwa. Kila kioo kilipakwa dawa, kikapigwa kingali kibichi na kusafishwa papo hapo, ndani ya gari lililopata joto kama tanuri. Miongoni mwa kazi zake ni picha ya bonde tupu karibu na Sevastopol, ambalo askari wenyewe walikuwa wamelipa jina la Bonde la Mauti. Hapana mtu katika picha hiyo. Iko njia, na juu yake zimetapakaa risasi za mizinga, tufe za chuma zilizovurumishwa na Warusi.

Taabu ni kwamba picha ziko mbili, zilizopigwa mahali pale pale. Katika moja njia imejaa tufe. Katika nyingine tufe zimo mfereji wa kando, na njia ni nyeupe. Ipi ilitangulia? Kama njia iliyojaa ndiyo ya kwanza, basi huenda askari walizikusanya tufe baadaye. Kama njia tupu ndiyo ya kwanza, mtu alizibeba akazipanga. Mwaka 2007 Errol Morris, mtengeneza filamu wa Marekani, alisafiri hadi bonde lile kutafuta jibu, na mwishowe jibu likatoka kwa vijiwe. Vijiwe kadhaa vya mtelemkoni vinaonekana juu zaidi katika picha ya njia tupu, na chini zaidi katika picha ya njia iliyojaa. Jiwe haliviringiki kupanda kilima. Basi njia tupu ilitangulia, na tufe zililetwa njiani baada ya hapo. Wengi humshika Fenton. Hata hivyo hakuna shahidi aliyeona mkono uliozibeba.

Mtu aliyepata kuvuka mahali panapopigwa mizinga ataipima picha ya njia tupu kwa kipimo chake mwenyewe. Mimi naiona kuwa yatosha. Tufe za mferejini zinaeleza kwamba chuma kilianguka hapa kwa wingi, na njia nyeupe inaeleza kwamba watu walizidi kupita. Ile ya pili ina kishindo zaidi, na ndiyo iliyopata umaarufu, lakini ukishajua habari za vijiwe huwezi kuitazama tena bila kujiuliza maswali.

Siku hizi hahitajiki hata mtu wa kubeba tufe. Mwaka 2023 Boris Eldagsen, Mjerumani, alitangazwa mshindi wa fungu moja katika mashindano ya dunia yanayodhaminiwa na Sony, kwa picha ya wanawake wawili iliyoonekana kuwa ya miaka mingi iliyopita. Akaikataa zawadi na kusema wazi kwamba picha hiyo ilitengenezwa na akili mnemba, naye aliipeleka ili kuona kama waandaaji wako tayari kwa mambo hayo. Mashindano mengi sasa humtaka mshindi alete faili asilia kama ilivyotoka katika kamera, kabla ya kuguswa. Ni kama kumdai shahidi alete daftari lake la zamu.

Kwamba habari hizi hazihusu vikombe vya ukumbini tu, tunajua sisi wa Afrika ya Mashariki. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943, alianza kupiga picha angali mwanafunzi Dar es Salaam, kama mtoto yeyote wa ridhaa. Oktoba 1984 filamu aliyopiga Korem, nchini Ethiopia, iliwaonyesha walimwengu njaa iliyokuwa ikiua maelfu, na misaada ikamiminika. Ilifanya kazi hiyo kwa kuwa waliotazama hawakuwa na sababu ya kudhani kwamba kuna mtu aliyepangwa pale. Mwaka 1991 alipoteza mkono katika mlipuko wa ghala la silaha mjini Addis Ababa. Akarudi kazini na mkono wa bandia, hadi ndege aliyopanda ilipotekwa na kuanguka karibu na visiwa vya Komoro mwaka 1996.

Kambi au kituo chochote kinaweza kuwa na chama cha namna hii, na gharama yake ni ndogo kuliko ya jezi za timu moja. Simu yenye kamera yatosha kwa msimu wa kwanza. Kinachohitajika ni chumba, ukuta mweupe, mtu wa kuzipa picha namba na kuficha majina, na mwamuzi kutoka mahali pengine, labda mwalimu wa sanaa wa shule ya jirani au mwenye studio ya mjini, asiyejua nani ni koplo na nani ni meja. Masomo yako tele: fundi viatu, siku ya michezo, soko la Jumamosi, watoto wa kambini wakicheza mvua. Ghala, silaha, lango na vifaa vya mawasiliano visipigwe, na gwaride lipigwe kwa idhini ya mkuu. Mwamuzi azikute picha zimekwisha kupangwa, na orodha ya majina ibaki katika bahasha iliyofungwa mpaka alama ya mwisho iandikwe.