Nani Hufungua Marejeleo?

Kwenye steshenari moja ya Chang'ombe, Temeke, nilisubiri zamu nyuma ya kijana aliyekuja kubaindi tasnifu. Dada wa kompyuta akamuuliza, "Kaka, marejeleo nikupangie? Unaongeza buku mbili." Kijana akaafiki. Muda si mrefu kurasa nne zikawa zimenyooka: majina kwa alfabeti, miaka ndani ya mabano, kila mkato mahali pake. Kazi safi. Hakuna chanzo hata kimoja kilichofunguliwa, na si jukumu la dada yule kukifungua.

La nani basi? Wengi watasema la mhakiki, yule msomi anayeletewa makala na jarida aipime kabla haijachapishwa. Nimeifanya kazi hiyo, na haina malipo. Makala inakuja na marejeleo sitini, huku mitihani ya wanafunzi imerundikana mezani. Niseme ukweli: nilikuwa nafungua matano au sita, yale yanayobeba hoja kuu, pamoja na lile linalonitaja mimi. Programu kama Turnitin hukamata aliyenakili. Haiulizi kama chanzo kinasema kweli hayo kiliyosingiziwa.

Ndiyo maana makala isiyokuwapo iliweza kupata umaarufu. Mwaka 2017 Anne-Wil Harzing alieleza kisa cha makala ya Van der Geer na wenzake, ya mwaka 2000, iliyorejelewa karibu mara 400. Haikuwahi kuandikwa. Ulikuwa mfano tu, ambao mchapishaji Elsevier aliuweka kuwaonyesha waandishi namna ya kupanga marejeleo. Watu wakasahau kuufuta, ukapita mbele ya macho ya wahakiki na wahariri.

Hapa kwetu tulikuwa na Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa shule ya Magamba, aliona mchanganyiko wa moto wa aiskrimu ukiganda kabla ya uliopoa. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza sababu yake Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu kutoka Dar es Salaam. Wenzake wakamcheka. Osborne hakumfukuza kwa kitabu. Aliporudi chuoni alimwagiza fundi wa maabara ajaribu. Mpemba na Osborne wakachapisha matokeo mwaka 1969 katika jarida la Physics Education.

Tangu hapo, makala nyingi kuhusu jambo hilo, liitwalo athari ya Mpemba, huanza kwa kumtaja Aristotle, Bacon na Descartes, mstari uleule, kana kwamba waandishi wote walipiga foto kopi ukurasa mmoja. Mwaka 2016 Burridge na Linden, wa Uingereza, walirudi kwenye vipimo vyenyewe. Hawakuiona athari hiyo, tena wakaonyesha kuwa kusogeza kipimajoto kidogo tu kunaweza kuleta matokeo ya kupotosha. Miaka 47 ilikuwa imepita.

Zamu yangu ilipofika nilitoa makala yangu mwenyewe, marejeleo 38. "Nayo nikupangie?" Nikakataa, nikakaa kwenye benchi la nje na simu yangu, nikaanza na la kwanza. La tatu lilikuwa la mwandishi nisiyemkumbuka, katika jarida ambalo sijawahi kulishika.