Likizo Homa Bay na Migori: Funga dawa kabla ya kufunga nguo

Na Mwandishi Wetu

KILA mwezi wa Desemba ukifika, vituo vya mabasi jijini Nairobi hujaa familia zinazoelekea Nyanza. Mizigo ni ile ile: nguo za Krismasi, unga wa ngano, sukari na blanketi la nyanya. Baada ya majuma mawili familia hizo hurudi mjini na samaki wa kukaushwa na hadithi tele. Kisha, shule zinapokaribia kufunguliwa, mtoto mmoja anaanza kutetemeka usiku. Mama anadhani ni mafua. Anampa dawa ya kutuliza maumivu. Siku ya tatu mtoto hataki kula, na siku ya nne hajitambui.

Homa hiyo haikupatikana Nairobi. Ilipanda basi pamoja na abiria, na hakuna aliyeikagua.

Makala haya hayakusudii kumzuia mtu kwenda. La hasha! Kaunti za Homa Bay na Migori zina mahali pazuri pa kupumzisha mwili na akili. Kusudi letu ni kumkumbusha msafiri kwamba likizo njema huanza kupangwa kwa daktari, si kwa wakala wa tikiti.

Wenzetu wa Ulaya wanalijua jambo hili. Katika bonde la Gastein nchini Austria, kwenye milima ya Alps, wageni huteleza kwenye theluji mchana, na jioni hujitumbukiza katika maji moto yanayotoka ardhini. Huko huko kuna pango lenye joto na gesi ya radoni ambalo watu huingia kwa ajili ya matibabu. Hakuna mgeni anayeruhusiwa kuingia humo kabla ya kuchunguzwa na daktari. Sisi Nyanza hatuna theluji, lakini mlima tunao na maji moto tunayo. Tunachokosa ni daktari wa mlangoni. Kwa hivyo msafiri hana budi kumwona daktari kabla hajatoka nyumbani.

MAHALI PA KWENDA

Anayetoka Nairobi kupitia Narok na Kisii hufika Rongo, ambapo barabara moja huendelea hadi Migori na nyingine hukata kuelekea mji wa Homa Bay. Anayetoka Kisumu hupitia Ahero, Katito na Kendu Bay.

Karibu na Kendu Bay kuna Simbi Nyaima, ziwa dogo la maji ya magadi. Masimulizi ya Wajaluo yanasema hapo palikuwa na kijiji kilichozama baada ya wanakijiji, wakiwa katika ngoma na pombe, kumfukuza ajuza aliyeomba chakula. Magharibi yake ni Mlima Homa, wenye urefu wa mita 1,751, na sehemu za chini zake zina chemchemi za maji moto, zikiwemo za Abundu. Kusini-magharibi, katika Bonde la Lambwe, kuna Mbuga ya Kitaifa ya Ruma, mahali pekee nchini Kenya ambapo swala aina ya korongo bado wanaishi porini. Upande wa Migori, kilomita 46 kaskazini-magharibi mwa mji huo, kuna Thimlich Ohinga, boma la kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji wala udongo, linalokadiriwa kujengwa katika karne ya 16. UNESCO iliutia mahali hapo katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018.

Ni safari ya siku nne au tano isiyo na haraka. Sasa tuone kila hatua inataka nini.

MALARIA NDIYO YA KWANZA

Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba watoto 6 katika kila 100 nchini walikuwa na vijidudu vya malaria. Katika eneo la ziwa walikuwa 19. Ndiyo sababu chanjo ya malaria ilipoanza kutolewa Kenya mnamo Septemba 2019, ilizinduliwa katika Kaunti ya Homa Bay.

Wengi husema, "Mimi ni mwenyeji, nilizaliwa huko, malaria hainiwezi." Hilo ni kosa kubwa. Anayeishi kando ya ziwa na kuumwa na mbu mara kwa mara hujenga kinga kiasi, lakini kinga hiyo hupungua akihama. Aliyekaa Nairobi au Nyeri miaka kadhaa hurudi kwao akiwa karibu sawa na mgeni. Na mtoto wake aliyezaliwa mjini hana kinga yoyote, hata kama jina lake ni Ochieng' au Akinyi.

Kwa hivyo mwone daktari majuma manne hadi sita kabla ya safari, umuulize kuhusu dawa za kuzuia malaria. Ziko za aina mbalimbali. Meflokwini huanza kumezwa majuma mawili au zaidi kabla ya kusafiri, na huendelea majuma manne baada ya kurudi. Doksisiklini huanza siku moja au mbili kabla, nayo pia huendelea majuma manne. Lakini haipewi mama mjamzito wala mtoto wa chini ya miaka minane. Mchanganyiko wa atovakwoni na proguanili huanza siku moja au mbili kabla na huisha siku saba baada ya kurudi. Ipi inakufaa ni kazi ya daktari kuamua, si ya jirani wala ya muuza duka. Jambo la kushika ni hili: dawa haikomi siku unayoshuka basi Nairobi. Wengi huiacha hapo hapo, na hapo ndipo wanaponaswa.

Hakuna dawa inayozuia kabisa. Beba chandarua chako kilichotiwa dawa, kwani nyumba ya wageni huenda isiwe nacho, au kikawa na matundu. Jua likitua, vaa mikono mirefu na suruali, na ujipake dawa ya kufukuza mbu.

Watu wa aina tatu wawe na hadhari zaidi: wanawake wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano, na wenye ugonjwa wa selimundu. Kwao malaria ya siku moja inaweza kuwa ya mwisho. Mjamzito anayeweza kuahirisha likizo hii na aiahirishe.

MAJI MOTO YANAFANYA NINI?

Yapo maneno mengi kuhusu chemchemi za Mlima Homa. Wengine husema zinaponya viungo, wengine ngozi, wengine hata presha. Ukweli ni huu: maji ya uvuguvugu hulegeza misuli iliyokaza na hupunguza kwa muda maumivu ya viungo. Hilo ni jema, na mzee mwenye magoti yanayouma atalifurahia. Lakini hayaponyi baridi yabisi, hayaondoi kisukari, wala hayatibu shinikizo la damu. Mtu asiache tembe zake nyumbani kwa sababu anakwenda kuoga.

Isitoshe, mgonjwa wa presha anahitaji uangalifu maalum. Joto hupanua mishipa na kushusha shinikizo la damu. Kama tayari amemeza dawa ya kulishusha, akisimama ghafla anaweza kupata kizunguzungu na kuanguka juu ya mawe. Mwenye ugonjwa wa moyo asiingie bila idhini ya daktari wake. Mjamzito asijitie katika maji ya joto kali, kwani joto hilo laweza kumdhuru mtoto tumboni. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia miguuni anaweza kuungua asijue, na kidonda cha mguu wa kisukari si mchezo. Mlevi naye asikaribie kabisa.

Hatari kubwa zaidi ni ya kuungua. Chemchemi si bafu la hoteli. Hakuna bomba la maji baridi pembeni. Maji ya nyuzi 60 za Selsiasi huchoma ngozi kwa sekunde chache tu, na pale yanapochipuka ardhini yanaweza kuwa moto zaidi ya hapo. Usitie mguu ili "kujaribu". Nenda na mwenyeji anayejua njia, na ukanyage palipokanyagwa, kwa kuwa ukingo wa udongo unaweza kubomoka. Teka maji kwa ndoo kutoka mbali na chimbuko, uyamimine katika karai na kuyaacha yapoe. Kisha yapime kwa kiwiko, kama unavyopima maji ya mtoto mchanga. Yakikufaa, oga au loweka miguu kwa dakika 15, usizidishe 20. Watoto washikwe mkono wakati wote.

Usiyanywe maji hayo. Chemchemi za maeneo ya volkano mara nyingi zina madini mengi, hasa floraidi inayoharibu meno na mifupa ya watoto. Aidha, usizamishe kichwa wala usiruhusu maji kuingia puani.

Mtu akiungua, mwagia sehemu hiyo maji safi ya baridi kwa dakika 20, kisha mpeleke hospitali. Usipake dawa ya meno, siagi wala yai. Vitu hivyo huhifadhi joto na huleta uchafu kwenye kidonda.

MLIMA, ZIWA NA MBUGA

Mlima Homa hauna baridi ya Mlima Kenya, wala mtu hakosi pumzi kwa sababu ya urefu wake. Hata hivyo, kutoka usawa wa ziwa hadi kileleni ni kupanda zaidi ya mita 600, na adui hapo ni jua. Anza alfajiri, vaa kofia na viatu vya kufunga, na kila mtu abebe angalau lita mbili za maji. Aliyezoea kukaa ofisini mwaka mzima na aanze kutembea nusu saa kila siku, mwezi mmoja kabla. Ukisikia kifua kinabana, rudi chini. Mlima utakuwepo mwakani.

Ziwa Victoria linavutia, hasa jua linapochwa. Lakini ndani ya maji ya ufukweni mna konokono wanaobeba vijidudu vya kichocho, vinavyopenya ngozi bila mtu kuhisi. Kujifuta haraka kwa taulo si kinga ya kutegemea. La salama ni kutoingia. Kama maji ya kuoga yanatoka ziwani, yachemshwe, au yakae katika tangi siku mbili kabla ya kutumiwa. Maji ya kunywa nayo yachemshwe au yatiwe dawa, kwa kuwa kipindupindu si kigeni katika eneo hili. Ukipanda mashua kwenda Mfangano, dai jaketi la kujiokolea na ulivae, usilikalie.

Ruma nayo ina historia yake. Mbung'o wa Bonde la Lambwe waliwahi kueneza ugonjwa wa malale kiasi cha kuwafukuza watu mashambani. Leo kuna habari njema: mnamo Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Kenya imeutokomeza ugonjwa huo kama tatizo la afya ya umma, mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa nchini alipatikana miaka mingi iliyopita. Lakini mbung'o wenyewe bado wapo, na wanauma. Huvutiwa na rangi ya buluu na nyeusi, kwa hivyo vaa nguo za rangi ya kahawia au kijani kilichofifia, na ufunge madirisha ya gari.

MFUKO WA DAWA

Mwenye dawa za kila siku, ziwe za presha, kisukari, kifafa au za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI, abebe za kutosha siku zote za safari na juma moja zaidi. Mvua inaweza kukata barabara. Dawa zikae katika mkoba wa mkononi, si juu ya basi. Ongeza chumvi na sukari za kuharisha, bandeji, kipimajoto na tochi. Andika kwenye karatasi majina ya dawa zako na vipimo vyake.

Jua pia pa kukimbilia. Hospitali kuu za rufaa ziko katika miji ya Homa Bay na Migori, na Kendu Bay kuna hospitali ya Waadventista. Hakikisha familia nzima imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024.

UKISHARUDI

Likizo haijaisha mpaka miezi mitatu ipite. Malaria huhitaji angalau siku saba tangu mtu aumwe na mbu kabla ya kujitokeza, na wakati mwingine hukawia majuma mengi. Homa yoyote katika kipindi hicho ihesabiwe kuwa malaria hadi kipimo cha damu kithibitishe vinginevyo. Nenda siku hiyo hiyo, na usingoje kuulizwa, mwambie daktari, "Nilikuwa Homa Bay." Maneno hayo matatu yanaweza kuokoa maisha, kwa kuwa daktari wa Nairobi huona mafua mengi kuliko malaria. Ukipewa dawa ya mseto ya artemetha na lumefantrini, ni vipimo sita kwa siku tatu, navyo humezwa pamoja na chakula. Vimalize vyote hata ukipata nafuu siku ya pili.

Na kama uliingia ziwani, pimwa kichocho baada ya miezi miwili hivi. Ukipimwa mapema, mayai huenda yasionekane.

Mpenzi msomaji, nenda ukamwone nyanya, ukapande mlima, ukaloweke miguu. Jina Homa ni la mlima. Jihadhari tu usirudi nyumbani na ile nyingine.