Fundi aliyeelemewa hahitaji kuambiwa apambane

Wiki ya mwisho ya Ramadhani, ukipita Temeke, Magomeni au Mwananyamala usiku, utasikia cherehani zikilia hadi baada ya tarawehe. Ndani ya vibanda mambo yanafanana. Mifuko imerundikana kwenye kona, kila mfuko una kitambaa, na kila kitambaa kina mwenyewe anayekitaka kabla mwezi haujaandama. Simu imelazwa kifudifudi juu ya meza ya kukatia kwa sababu mwenye kibanda hana tena la kuwajibu wanaopiga. Mlangoni kasimama mteja.

“Fundi, nguo yangu vipi?”

“Njoo kesho, dada. Imebaki kupinda tu.”

Kitambaa chenyewe hakijakatwa.

Mafundi cherehani wamesemwa sana kwa uongo wa namna hii, na mteja aliyekwenda harusini na gauni la mwaka jana ana haki ya kuudhika. Lakini ninaamini kwamba mara nyingi “njoo kesho” si hila. Ni neno la mtu aliyeelemewa hadi ameshindwa kukaa chini na kuhesabu amepokea nguo ngapi na siku zimebaki ngapi. Anaogopa kuhesabu, maana anahisi jibu litakavyokuwa. Basi anashika nguo ya aliyepiga kelele zaidi, anaiacha katikati anapoingia mwingine, na kufika usiku ameanza nguo tano bila kumaliza hata moja. Kesho yake anaamka hana hamu ya kufungua kibanda.

Mtu wa namna hii ndiye anayetumiwa kwenye simu sauti na video za kumhamasisha: amka saa kumi alfajiri, acha visingizio, pambana, wenzako wametoboa. Saa kumi alfajiri ameshaamka huyu, amewasha jiko. Kumwambia ajitume zaidi ni kumwongezea mzigo wa pili juu ya ule wa kwanza, sasa ajione mvivu pamoja na kuchoka.

Wapo watafiti waliolichunguza jambo hili kwa namna inayomtendea haki mtu wa hali ya chini. Mwaka 2013 jarida la Science lilichapisha utafiti uliofanywa kwa wakulima 464 wa miwa katika jimbo la Tamil Nadu, India. Wakulima hao hupata fedha zao kwa mkupuo baada ya mavuno, hivyo miezi ya kabla ya hapo ni ya kukopa na kuweka vitu rehani. Mkulima yule yule alipimwa uwezo wa kufikiri kabla ya mavuno na baada ya mavuno. Kabla ya mavuno alifanya vibaya zaidi. Akili yake ilikuwa ile ile, ila sehemu kubwa ilikuwa imekaliwa na madeni. Nikiisoma habari hiyo namwona fundi wetu, ambaye kila siku kwake ni kabla ya mavuno.

Na hapa ndipo penye kiini cha jambo, yaani kianzio. Mteja analeta kitenge, anapimwa, anaacha Sh15,000 na kuahidi salio siku ya kuchukua nguo. Hiyo Sh15,000 hailali. Sehemu inanunua uzi, zipu na umeme wa luku. Inayobaki inakwenda nyumbani, au kwa kijumbe wa mchezo, au kwenye daftari la shule. Siku tano baadaye fundi anapokaa kushona lile gauni, fedha yake ilishaliwa. Anatumia saa sita za kazi ambazo leo hazimletei kitu zaidi ya salio, na salio lenyewe huenda mteja akalileta mwisho wa mwezi. Leo nayo ina mahitaji yake. Njia ya haraka ya kupata fedha ya leo ni kupokea kitambaa kingine, kuchukua kianzio kingine, na kuongeza mfuko mwingine kwenye kona.

Majirani wakiona mifuko ile wanasema biashara imechanganya. Kwa kweli kila mfuko ni deni, na anayedaiwa anadaiwa nguvu za mikono yake mwenyewe. Sijui adha inayokausha hamu ya kazi kuliko kufanyia kazi fedha iliyokwisha tumika. Wengine hapo ndipo wanapokimbilia mikopo ya kausha damu, yenye marejesho ya kila wiki, hata ya kila siku, na kuanzia siku hiyo cherehani inamlia mkopeshaji.

Kwa hiyo ninaposikia swali la namna ya kurudisha ari kwa mfanyabiashara mdogo aliyezidiwa, naanza na kianzio kabla sijafika kwenye moyo. Fundi anayeweza kutenga japo nusu ya kianzio kwenye laini ya pili au kwenye kibubu, asikiguse hadi siku anapokata kitambaa hicho, atakapokaa kushona atakuta bado kuna kitu cha kupata. Mara ya kwanza itamuuma, kwa sababu wiki hiyo nyumbani patapungua. Ndiyo maana ni bora aanze na nguo moja au mbili, msimu ukiwa umetulia, wala si katikati ya Ramadhani.

Pili ni zile kazi ndogo ambazo msimu ukifika mafundi wengi huzifukuza: kubadili zipu, kupunguza suruali, kushona upindo uliofumuka. Zinaonekana upuuzi mbele ya gauni la harusi, lakini zina sifa ambayo gauni halina. Zinaanza na kwisha ndani ya nusu saa, na fedha yake inalipwa hapo hapo, yote. Kutenga saa moja ya asubuhi kwa kazi hizo kunampa fundi fedha ya leo bila kumwongezea mfuko. Kunampa pia kitu ambacho pengine amekaa wiki nzima hajakionja, kuona kazi imekwisha mkononi mwake na mwenye nguo anaondoka akishukuru.

Halafu lipo daftari. Kila fundi ana daftari la vipimo: kifua, kiuno, hipsi, urefu wa mkono. Wachache wana ukurasa wa siku, unaoonyesha Jumanne nakata za nani na Jumatano namaliza ya nani. Mwaka 2011 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Masicampo na Baumeister, walionyesha kwamba jambo ambalo halijakamilika humwingilia mtu akilini hata anapofanya jingine, na kwamba usumbufu huo ulipungua kwa watu walioandika mpango mahsusi wa lini na vipi watalikamilisha, ingawa walikuwa bado hawajalikamilisha. Mifuko 30 kichwani ni kelele. Mifuko 30 kwenye ukurasa wenye tarehe ni kazi nyingi, lakini inahesabika, na ukihesabu utagundua kuwa 22 inawezekana na 8 haiwezekani. Wale wanane ni wa kupigiwa simu leo, kabla hawajapiga wao. Baadhi watafoka, baadhi watachukua vitambaa vyao. Hasara hiyo ni ndogo kuliko kuwapoteza wote 30 usiku wa kuamkia Idd.

Hapa naona tofauti kati ya kuhamasishwa na kufundishwa. Mjini Lomé, Togo, wafanyabiashara wadogo 1,500 waligawanywa makundi matatu. Kundi moja lilifundishwa masomo yaliyozoeleka ya biashara, kama vile hesabu na masoko. Lingine lilifundishwa kwa misingi ya saikolojia namna ya kuanza jambo bila kusubiri kusukumwa, kujiwekea lengo, kupanga, na kurudi kwenye mpango baada ya kukwama. La tatu halikufundishwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Ikilinganishwa na kundi la tatu, faida ya waliofundishwa kujianzia mambo ilikuwa juu kwa asilimia 30. Ya wale wa masomo ya kawaida ilikuwa juu kwa asilimia 11, kiasi ambacho watafiti wenyewe hawakuweza kukithibitisha kuwa si bahati tu. Kwa hiyo moyo wa kazi unafundishika. Lakini ilichukua saa 36 za darasani, kisha wakufunzi wakawafuata washiriki kwenye biashara zao miezi kadhaa. Hotuba moja ya nusu saa haifanyi hivyo, hata ukumbi ukijaa makofi. Halmashauri zetu zinazotoa mikopo ya asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu zingefanya jambo kubwa kama kila mkopo ungefuatwa na mtu wa kukaa na mkopaji kibandani kwake, waangalie pamoja daftari.

Kuna pia suala la msaidizi. Vibanda vingi vina kijana anayejifunza, lakini huachiwa kufagia na kununua uzi, na mwenye kibanda anapinda, anaweka vifungo na kupiga pasi mwenyewe saa saba usiku, kwa hofu kwamba kijana ataharibu. Huenda kweli akaharibu. Lakini kupinda kunafundishika wiki ambayo hakuna msimu, kwa kitambaa chakavu, na fundi akabaki na kukata, kazi inayomhitaji yeye.

Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilieleza hali ya kuchoshwa na kazi kwa dalili tatu: kuishiwa nguvu, kuichukia au kujitenga na kazi, na ufanisi kushuka. Ofisini mtu wa namna hiyo huomba likizo. Kibandani hakuna likizo, na dalili ya tatu huja na gharama, kwani fundi aliyechoka hukata kimakosa kitambaa cha mtu, akalazimika kukilipa. Kufunga siku moja kwa wiki ni nafuu kuliko mita sita za kitenge cha mtu. Na ikiwa usingizi umekata kabisa na huzuni haiondoki hata msimu ukipita, hilo ni la kupelekwa hospitali, wala lisifanywe udhaifu wa imani au wa tabia.

Sisi wateja nasi tumo. Tunapeleka kitambaa siku nne kabla ya Idd, tunabembeleza, tunaapa kuwa ni gauni dogo tu, na fundi akisema hapana tunamwona ana maringo. Kisha nguo ikiwa tayari hatuendi kuichukua. Nguo zinaning'inia kwenye vibanda mpaka mfungo mwingine unaingia, zimeshonwa, zimepigwa pasi, salio halijalipwa. Mwaka huu peleka kitambaa Shaabani, na siku fundi akikupigia kwamba nguo ipo, nenda na fedha yake yote.