Nguruwe wangu na makaratasi yao

Shemeji yangu wa Mafinga ameniuliza kwenye kundi la ukoo la WhatsApp, mbele ya wakwe, kama kweli huku Uingereza nafuga nguruwe wenye vyeti vya kuzaliwa. Wakacheka mpaka wa Tukuyu. Basi nijieleze.

Mbegu ninayofuga ni Large White, hiyohiyo mnayoisaka huko. Chama cha wafugaji cha hapa, kilichoanzishwa mwaka 1884, kinatunza daftari la nasaba. Jike akizaa, naandikisha baba, mama, tarehe na idadi ya watoto, kisha kila mmoja anachorwa namba ya wino sikioni. Kwa mbegu nyeusi kama Berkshire wino hauonekani, kwa hiyo hukatwa mapengo ukingoni mwa sikio. Kila pengo lina thamani yake kulingana na lilipo, unajumlisha. Hilo sina ugomvi nalo. Dume la kuazimana likizunguka kijiji bila daftari, siku moja litampanda bintiye.

Kinachonichosha ni serikali. Hata ukifuga mmoja wa kujifurahisha, shamba lina namba, kundi lina namba, na kumhamisha ni lazima utoe taarifa. Akiingia mgeni, waliopo hawatoki siku 20. Na maganda ya viazi? Yakishapita jikoni kwangu, ni marufuku kuwapa! Mwaka 2001 ugonjwa wa miguu na midomo ulihusishwa na banda la Northumberland lililolisha makombo, na mifugo zaidi ya milioni 6 ikachinjwa. Sawa, lakini maganda? Mbeya tuna homa ya nguruwe isiyo na tiba, na bado afisa mifugo anakuandikia kibali, unapakia, unaondoka.

Binti yangu alitaka mmoja aitwe Sekela. Haiwezekani: jike hurithi jina la ukoo wa mama yake, dume la baba yake, halafu namba. Akanuna, akauliza kwa nini basi yeye hana jina langu na namba. Kaka yake huziba masikio yake mwenyewe siku ya kuchora, na juzi akataka kujua yeye alichorwa wapi. Nikamtolea cheti chake. Hapa England mtoto wa mtu huandikishwa ndani ya siku 42. Akakisoma, akaenda kukibandika bandani. Sasa wote wawili wamegoma kula soseji, na mpishi ni mimi.

Shemeji, kabla hujalipia dume lolote huko, muulize muuzaji mama yake ni nani, uandike.