Unaunda kompyuta? Achana na mataa kwanza!

Wiki hii nina neno na wajanja wa mjini walioamua kuachana na kompyuta za dukani na kuunda ya kwao, kipande kwa kipande. Safi sana, ila tusikilizane, maana mshiko wa miezi kadhaa unaweza kuyeyuka kwa sekunde moja. Sitanii!

Kuna dogo mmoja wa Sinza anayehariri video za harusi, kalinijia na orodha yake. Nikaisoma: kasha la kioo, feni sita za taa za rangi, prosesa kali, kadi ya grafiki ya kutishia majirani. Pawa saplai je? "Ah, braza, hiyo nitachukua yoyote ya bei chee."

Yoyote! Jamani, hicho ndicho kifaa kinachopokea volti 230 za ukutani na kuzigeuza kuwa 12, 5 na 3.3 za kulisha kila kitu humo ndani. Ya ovyo ikilipuka inaweza kuondoka na mazabodi na diski. Mazabodi utanunua nyingine. Video ya harusi ya watu je? Bibi harusi havai shela mara ya pili ili umpige picha upya. Hapo ndipo utakapojua kamati ya harusi ina hasira kiasi gani.

Nikamfundisha dogo kusoma kibandiko. Usibabaike na "wati 500" zilizoandikwa kwa herufi kubwa. Tafuta mstari wa volti 12, zidisha mara ampea zake. Ukikuta ampea 20, hizo ni wati 240 tu kwa ajili ya prosesa na kadi ya grafiki, vile vyenye njaa kuliko vyote. Na nyingine zina kiswichi chekundu nyuma, 115 na 230. Kikiwa kwenye 115 hapa kwetu ukachomeka, utasikia paa! halafu harufu.

Haya, prosesa na mazabodi ni mke na mume, lazima soketi zilingane. AMD walileta AM4 mwaka 2016, inatumia RAM za DDR4. AM5 ya 2022 inakula DDR5 peke yake. Intel wao LGA1700 ya 2021 ina mazabodi za aina zote mbili, kwa hiyo soma boksi, usimsikilize muuzaji anayesema "zote sawa tu, bosi". DDR4 haiingii kwenye nafasi ya DDR5, pengo lake liko mahali pengine. Ukilazimisha utavunja.

Halafu kuna herufi F. Prosesa ya Intel inayoishia na F haina grafiki ndani. Ukiinunua bila kadi, kioo kitabaki cheusi na utalaumu walimwengu bure. Kama hela bado haijatimia, Ryzen 5 5600G ya 2021 ina grafiki yake, unaanza nayo, kadi itakuja baadaye.

RAM chukua mbili za 8 badala ya moja ya 16, zikifanya kazi pamoja data inapita kwa wepesi zaidi. Kwa mhariri wa video ningesema 32 kabisa, mfuko ukiruhusu. Programu ziweke kwenye SSD, na kazi za wateja zipate nakala kwenye diski ya pembeni, isiyokaa ndani ya kasha. Ongeza na UPS, umeme ukikatika upate dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kistaarabu.

Feni za rangi? Dar joto na vumbi vipo, feni ni muhimu, ila hewa haijui rangi. Mbili mbele, moja nyuma, na chujio unalosafisha mwenyewe.

Ukiwaachia dukani waiunde, omba waiwashe mbele yako, hesabu RAM zote zinasomeka, risiti iandikwe namba za vifaa. Ndipo utoe hela.