MNAFU MCHUNGU: KUTOKA KUUKIMBIA HADI KUUPENDA



Ndugu msomaji, nilipokuwa na umri wa miaka 8 nilimvunja moyo bibi yangu kwa sababu ya mboga. Wageni walikuwa wamekaa mkekani, sinia la wali limewekwa, na pembeni bakuli la mnafu aliouchuma mwenyewe asubuhi baada ya mvua. Nikaonja, nikatema, nikasema kwa sauti: "Hii si mboga, ni dawa ya malaria!" Wageni wakacheka. Bibi hakucheka. Aliliondoa bakuli taratibu, na tangu siku ile hakuniwekea mnafu tena.

Kosa langu halikuwa kutoupenda mnafu. Kosa lilikuwa kukitia aibu chakula na aliyekipika. Tunasoma katika Bukhari na Muslim, kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.), kuwa Mtume (s.a.w.) hakuwa akikitia ila chakula: akikipenda alikula, asipokipenda alikiacha. Basi kutopenda si dhambi, lakini ulimi una adabu yake.

KWA NINI WATOTO HUUKIMBIA?

Allah (s.w.) ameupa ulimi ulinzi. Mimea mingi yenye sumu ni michungu, hivyo mtoto huusikia uchungu kwa ukali kuliko mtu mzima na kuukataa. Lakini ulimi pia hufundishika. Wataalamu wa lishe wanaeleza kuwa mtoto huenda akahitaji kuonja chakula kigeni mara 8, 10 au hata zaidi kabla hajakizoea. Wengi wetu tulionja mara moja tu tukatoa hukumu!

Hasara ya hukumu hiyo ni kubwa. Mnafu, ambao hapa kwetu Busale huota hata nyuma ya nyumba, una madini ya chuma yanayosaidia kutengeneza damu, na virutubisho ambavyo mwili huvigeuza kuwa vitamini A, inayolinda macho. Tunaiacha neema hiyo mlangoni.

NAMNA YA KUUPIKA

Kwanza, chuma majani machanga kabla mmea haujatoa maua, kwa kuwa yakikomaa uchungu huzidi. Usipike wala kula vitunda vyake vya kijani, kwani vikiwa vibichi vina sumu.

Pili, chambua na uoshe majani vizuri kabla ya kuyakata. Yatie katika maji yanayochemka yenye chumvi kidogo kwa muda wa dakika 5 hivi, kisha mwaga maji hayo. Uchungu mwingi huondoka nayo. Lakini vitamini kiasi nazo huondoka, kwa hiyo usichemshe kupita kiasi, na ukishauzoea mnafu punguza kumwaga maji.

Tatu, kaanga kitunguu na nyanya, tia mnafu, kisha mimina karanga zilizotwangwa na kukorogwa kwa maji. Acha moto mdogo, koroga zisishike chini. Mafuta ya karanga na chumvi huufunika uchungu. Asiye na karanga atumie maziwa, au mawese ya hapahapa Kyela.

Nne, wakati wa kula kamulia ndimu. Ndimu husaidia mwili kuyachukua madini ya chuma, na chai huyazuia. Chai isubiri kidogo baada ya chakula.

KWA WAZAZI

Msimlazimishe mtoto kwa fimbo. Mara ya kwanza changanyeni mafungu matatu ya mchicha na fungu moja la mnafu. Baadaye nusu kwa nusu, na mwisho mnafu mtupu. Tonge moja kila mara latosha. Na mtoto akishiriki kuchuma na kuchambua, huona haya kuikataa kazi ya mikono yake.

Tena mtoto humwangalia mkubwa anakula nini. Anas bin Malik (r.a.) alianza kumhudumia Mtume (s.a.w.) akiwa kijana mdogo wa miaka kama 10. Anasimulia kuwa mshonaji mmoja alimwalika Mtume (s.a.w.) kwenye mkate wa shayiri na mchuzi wenye mumunye na nyama iliyokaushwa. Akamwona Mtume (s.a.w.) akiyatafuta mumunye pembezoni mwa chombo, na tangu siku hiyo Anas akawa anayapenda. Hakuhubiriwa wala hakuchapwa. Aliona tu.

Mimi nilichelewa. Nilikuwa na miaka 15 nilipomfuata bibi jikoni nikamwomba anifundishe kupika mnafu. Alinitazama kwa muda, akaniuliza: "Kwani leo unaumwa malaria, mjukuu wangu?" Tukacheka wote wawili, nami nikamwomba radhi. Tulikula pamoja, na bakuli lilirudi jikoni tupu.

Ewe mwanafunzi, leo ukirudi nyumbani na kuikuta mboga usiyoipenda, sema Bismillah, onja tonge moja, na mshukuru aliyepika. Kesho onja tena.

Wabillahi tawfiq.