Msaada wa Mapema wa Afya ya Akili kwa Vijana wa Igamba

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kijana mmoja kati ya kila saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19 anaishi na tatizo la afya ya akili, na kwamba karibu nusu ya matatizo yanayowaandama watu wazima huwa yameshaanza kabla hawajatimiza miaka 18. Kwa kata kama Igamba, wilayani Mbozi katika Mkoa wa Songwe, hii ina maana kuwa tatizo huanza mtoto angali darasani, au ndiyo kwanza ameanza kuchuma kahawa kwa ujira, ilhali madaktari bingwa wako mbali: Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya, au Mirembe ya Dodoma, iliyofunguliwa mwaka 1927 na ambayo hadi leo ndiyo hospitali ya taifa ya maradhi ya akili. Kati ya dalili ya kwanza na mlango wa hospitali hizo hupita miezi, mara nyingine miaka, na katika kipindi hicho chote kijana hubaki mikononi mwa watu ambao hawajawahi kufundishwa lolote kuhusu hali yake.

Mojawapo ya matatizo yanayowapata vijana wengi ni sonona, hali ambayo huzuni, au kukosa hamu ya mambo yaliyokuwa yakimfurahisha mtu, hudumu wiki mbili au zaidi, ikiambatana na mabadiliko ya usingizi, ulaji, nguvu na umakini, hata akashindwa kufanya shughuli zake za kila siku. Kwa vijana, sonona haijitokezi sikuzote kwa sura ya huzuni. Hujitokeza kama hasira za mara kwa mara, utoro, maumivu ya kichwa au ya tumbo ambayo vipimo havioni chanzo chake, na kushuka kwa alama za mitihani, mambo ambayo mzazi huyaita ukaidi na mwalimu huyaita uvivu, kisha yakatibiwa kwa fimbo. Saikosisi, yaani hali ya kusikia sauti wasizozisikia wengine au kushikilia imani zisizolingana na uhalisia, huwapata wachache, lakini ndiyo ambayo jamii huitambua upesi na kuiita wazimu au kurogwa. Mafunzo yanayomwonyesha mwanajamii sura hiyo moja tu ya ugonjwa wa akili humwacha akimtazama kijana mwenye sonona bila kumwona.

Tanzania si ngeni katika kazi ya kuisogeza huduma hii karibu na wananchi. Katika miaka ya 1980, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na Denmark, mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro ilitumika kujaribu mpango uliowafundisha watumishi wa zahanati na vituo vya afya kutambua na kutibu maradhi ya akili na kifafa bila kumsafirisha kila mgonjwa hadi hospitali kubwa. Mpango huo ulimlenga mtumishi wa afya, na kwa hiyo ulimfikia mgonjwa aliyefika zahanati. Kijana ambaye hajui kuwa anachougua ni ugonjwa haendi zahanati.

Jaribio la karibu zaidi, kwa wakati na kwa mahali, ni Sauti ya Vijana, programu iliyoanzia Moshi katika Hospitali ya KCMC kwa vijana wanaoishi na virusi vya Ukimwi, kisha ikapelekwa pia Mwanza, Ifakara na Mbeya. Vijana hukutana katika vikao kumi vya kikundi, viwili kati yake vikiwashirikisha walezi, na kila mmoja hupata pia vikao vya peke yake. Mbinu zake zimetokana na tiba zinazotambulika: kumsaidia mtu kuona jinsi wazo, hisia na tendo vinavyovutana, na kumsaidia kurekebisha mahusiano yaliyomjeruhi. Jambo la kuzingatiwa zaidi ni kwamba wanaoviendesha vikao hivyo si madaktari wala wanasaikolojia, bali ni vijana wenzao waliofundishwa kazi hiyo na kusimamiwa na wataalamu. Kenya nayo ilipita njia inayofanana na hiyo: katika utafiti wa Shamiri uliochapishwa mwaka 2021, wanafunzi 413 wa sekondari wenye dalili za sonona au wasiwasi walihusishwa, na waliopata vikao vinne vilivyoongozwa na vijana waliokuwa wametoka tu sekondari walipata nafuu kubwa kuliko wale waliofundishwa stadi za kusoma.

Matokeo hayo yanatoa hoja nzito kwa Songwe, ambako watu wa kufundishwa tayari wapo: mwalimu wa malezi na ushauri, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, ambaye chini ya mpango jumuishi uliozinduliwa na serikali Januari 2024 hupata mafunzo ya miezi sita, viongozi wa dini, na viongozi wa vijiwe vya bodaboda. Hawa wa mwisho husahaulika, ingawa vijana wengi wa Mbozi huenda Tunduma, mpakani mwa Zambia, kutafuta vibarua vya kupakia mizigo au kuendesha pikipiki, na huko kijana aliyeondoka kwao hana mzazi, mwalimu wala mchungaji wa kugundua kuwa amebadilika. Mwenzake wa kijiweni ndiye anayejua kuwa siku hizi hali, halali, na anakunywa tangu asubuhi.

Anachofundishwa mtu kama huyo ni msaada wa kwanza wa kisaikolojia, ambao mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2011 unaueleza kwa hatua tatu: kuangalia, kusikiliza na kuunganisha. Kuangalia ni kutambua aliye katika dhiki na kama yuko salama. Kusikiliza ni kumpa nafasi aseme bila kuhukumiwa wala kuharakishiwa mawaidha. Kuunganisha ni kumfikisha kwa ndugu, zahanati au ofisa ustawi wa jamii anayeweza kumsaidia zaidi. Hatua ya pili ndiyo ngumu kuliko zote, kwa kuwa mtu mzima anayeheshimika kijijini amezoea kutoa nasaha, na kijana akianza tu kusema kuwa maisha yamemchosha hujibiwa avumilie, asali, au awatazame wenye shida kubwa kuliko yake. Mafunzo mazuri humzoeza mshiriki kukaa kimya kidogo, kisha kuuliza kwa upole na bila kuzunguka: "Mwanangu, umewahi kufikiria kujiua?" Wengi huliogopa swali hilo wakidhani linapanda wazo ambalo halikuwapo, ilhali tafiti zimeonyesha kuwa kuuliza hakuongezi hatari, na mara nyingi humpunguzia mzigo aliyeulizwa.

Jibu likiwa ndiyo, kijana haachwi peke yake, na vitu vya hatari huondolewa karibu naye. Mbozi ni wilaya ya kahawa, na dawa za kuulia wadudu huweza kukutwa chini ya kitanda au kwenye kona ya chumba wanamolala watoto. Dhiki kali ya kutaka kufa mara nyingi huja kwa wimbi na kupita, na anayekosa sumu katika saa hiyo huwa na nafasi kubwa ya kuishi. Sri Lanka ilipopiga marufuku dawa za kilimo zenye sumu kali, hatua kwa hatua, vifo vya kujiua vilipungua kwa zaidi ya asilimia 70 katika miongo miwili. Sanduku lenye kufuli, au stoo ya chama cha ushirika inayotunza dawa za wanachama wote, ni huduma ya afya ya akili kwa maana kamili ya neno hilo, na wataalamu wa ugani wanastahili kuketi katika mafunzo haya pamoja na wauguzi.

Hata hivyo, semina ya siku mbili inayomalizika kwa cheti na picha ya pamoja haimfanyi mtu kuwa msaidizi. Anayesikiliza dhiki za wengine huchoka, hukosea, na hukutana na mambo yaliyozidi uwezo wake, kama vile ubakaji au saikosisi, kwa hiyo anahitaji mtaalamu wa kukutana naye kila baada ya muda maalumu ili wapitie pamoja yaliyomkuta, na anahitaji kujua kwa hakika ni nani atakayempokea kijana anayempeleka rufaa. Zahanati isiyo na dawa ya sonona wala mtumishi aliyefundishwa kuitoa humvunjia heshima mhudumu aliyemshawishi mgonjwa aje, na safari ijayo hatashawishika mtu. Kwa kuwa fedha hazitoshi, ni afadhali kuwafundisha watu kumi katika kata moja na kuwasimamia kwa mwaka mzima kuliko kuwafundisha mia katika wilaya nzima na kuwaacha.

Limebaki suala la sheria. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, imelihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, na kwa sababu hiyo familia nyingi humficha kijana aliyenusurika, zikasema alikunywa sumu kwa bahati mbaya, na tabibu akatibu tumbo bila kugusa kilichomfikisha hapo. Nchini Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kuwa kifungu cha namna hiyo kinakwenda kinyume na katiba. Wakati Bunge la Tanzania halijafanya uamuzi kama huo, polisi kata na watendaji wa vijiji wanapaswa kuwa miongoni mwa wa kwanza kufundishwa, ili kijana anayeokolewa Igamba apelekwe kituo cha afya, na mama yake aweze kumweleza muuguzi kilichotokea bila kuogopa kuwa mwanawe atatoka wodini na kuingia mahabusu.